Kibanda Chenye Mteremko

Wifi yangu Darla hakuniibia kibanda. Alikiwekea nafasi kwa jina lake, kwa njia inayoruhusiwa, siku mbili kabla yangu. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akadai nilificha. Mimi nami sikumwibia. Hilo ndilo yeye halikubali mpaka leo.

Mambo yalianza kwa choo. Kiangazi cha mwaka uliotangulia tulipiga hema kwenye hifadhi moja ya jimbo, mimi na Curt mume wangu na binti yetu Britta, pamoja na familia ya Darla, dada yake Curt. Britta ana miaka kumi na miwili na anatumia kitimwendo tangu akiwa na minne. Kiwanja chetu kilikuwa mchanga mtupu na mizizi ya misonobari, magurudumu yakazama. Choo kilikuwa mwendo wa dakika sita. Kwa siku tatu Curt alimbeba mtoto mgongoni kwenda na kurudi, na watu waliokaa mbele ya mahema yao na kahawa zao wakitabasamu lile tabasamu la huruma. Siku ya tatu Britta aliacha kunywa maji ili asihitaji kwenda. Nilipogundua, midomo yake ilikuwa imekauka.

Njiani kurudi aliniambia kwa utulivu kabisa, kama mtu mzima anayeacha kazi, "Mama, mimi sirudi tena kubebwa kama gunia. Nikipata mahali pa kwenda mwenyewe mpaka majini, nitakuja. Kama hakuna, nendeni nyinyi."

Basi nilitafuta. Kuanzia Septemba, kila Jumamosi niliendesha gari kwenda hifadhi nyingine ya kando ya ziwa, nikiwa na futi ya kupimia mkononi. Hifadhi huandika kwamba kibanda kinafaa kwa kitimwendo, lakini anayeandika hajawahi kusukuma kiti. Nilipima milango. Nilipima nafasi kati ya kitanda na ukuta. Nilikuta mteremko mzuri wa mbao unaoishia kwenye ngazi mbili. Nilikuta choo kipana ambacho mlango wake unafungukia ndani, hivyo ukishaingia na kiti huwezi kuufunga. Hifadhi ya sita ilikuwa Ziwa Kijiko, mwendo wa saa tatu kutoka kwetu. Kibanda namba nne kilikuwa na mlango wa kutosha, choo ndani, na mteremko ulioshuka kutoka barazani hadi kwenye gati bila kipingamizi hata kimoja. Niliukanyaga mara mbili. Kisha nikakaa mwishoni mwa gati kwenye baridi ile nikala mkate wangu, nikiwaza jinsi atakavyoshuka peke yake.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Krismasi, mezani kwa mama mkwe, nikiwa nimeshiba na nimefurahi, nilisimulia yote. Nilitaja ziwa. Nilitaja namba. Darla alikuwa anapaka siagi kwenye mkate wake, akauliza kama kutoka barazani unaliona ziwa lote. Nikamjibu ndiyo, lote.

Huku juu, kaskazini mwa daraja kubwa, vibanda vya hifadhi vinagombewa kama viti vya kanisani siku ya Pasaka. Nafasi hufunguliwa mtandaoni miezi sita kamili kabla ya siku ya kufika, saa mbili asubuhi. Sisi tulitaka Ijumaa tarehe kumi na saba Julai mpaka Jumatatu, kwa hiyo siku yangu ilikuwa tarehe kumi na saba Januari. Saa mbili kasorobo nilikuwa mezani na kompyuta mbili na simu ya Curt. Saa mbili ilipogonga nilibonyeza. Namba nne ilikuwa nyekundu tayari. Nilikaa kama dakika nzima nikidhani macho yananidanganya. Kisha nikachukua kilichobaki, kiwanja cha hema namba thelathini na moja, juu ya kilima, mbali na kila kitu, kwa sababu mimi siondoki sokoni mikono mitupu.

Saa mbili na dakika ishirini Darla alituma picha kwenye kundi la familia. Kikombe chake cha kahawa, na chini yake maneno: Nimepata namba nne, wifi usinune.

Alichofanya kila mtu hapa anakijua, na wenye haya hawakifanyi. Unaweka nafasi kuanzia siku ambazo huzihitaji, ili siku yako ya kubonyeza ifike kabla ya wenzako. Yeye alianza Jumatano tarehe kumi na tano, akashika nafasi nzima mpaka Jumatatu. Randall mume wake yuko kazini mpaka Alhamisi jioni. Hawakuwa na nia ya kufika Jumatano. Siku mbili za mwanzo unakuja kuzikata baadaye, polepole, na kibanda kinakaa kitupu au kinaangukia mtu mwenye bahati.

Nilimpigia simu. Nilimwambia anajua kile kibanda ni cha nani. Akasema haoni jina la mtu mlangoni. Akasema yeye na Curt walilelewa kwenye ziwa lile, baba yao alimfundisha kuvua samaki pale kabla mimi sijaijua njia ya kuja huku, na Randall ana goti bovu, hawezi kulala chini tena. Nikamuuliza goti la Randall linahitaji mteremko wa mita arobaini mpaka majini? Akacheka.

"Nyie si mna hema?" akasema. "Hema zuri kabisa, nililiona mwaka jana. Na Britta aje kwetu mchana, nani kamkataza? Ila kile kiti kibaki barazani, wifi. Sakafu ni mbao, na matope ya magurudumu mimi siyafuti nikiwa likizo."

"Akiingia bila kiti ataingia na nini?"

"Curt atambeba. Si ndiyo kazi yake?"

Nilikata simu. Nilipogeuka, Britta alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia kwa sababu huwa naweka simu kwenye spika nikiwa na kazi mikononi. Akasema atakaa kwa bibi yake siku hizo, kuna vitabu anataka kumaliza. Hakulia. Heri angelia.

Curt alisema tuache. Curt ni mtu mwema, na wema wake mwingi ni uvivu wa kugombana. Alisema Darla ndivyo alivyo, kwamba mwaka kesho tutawahi sisi. Nilimjibu kuwa mwaka kesho mtoto atakuwa na kumi na tatu na atakuwa ameshajifunza kutotaka kitu.

Kuanzia hapo, kila siku saa mbili asubuhi kabla ya kwenda kazini nilifungua ukurasa wa Ziwa Kijiko. Watu huugua, huachana, hubadili nia. Februari ilipita nyekundu. Machi ilipita nyekundu. Tarehe tisa Aprili niliona miraba miwili ya kijani kwenye mstari wa kibanda namba nne. Jumamosi tarehe kumi na nane. Jumapili tarehe kumi na tisa.

Nilielewa kabla sijaketi. Darla alikuwa ameingia kupunguza siku. Mtandao ule ukiutaka upunguze siku tano ziwe tatu, haukuulizi uzitoe upande gani. Hutoa za mwisho. Anayetaka kutoa za mwanzo lazima abadilishe tarehe ya kufika, na hiyo iko ukurasa mwingine. Yeye aliandika tatu badala ya tano, akabonyeza, akaenda zake. Alidhani amekata kichwa, kumbe amekata mkia. Sasa alikuwa na Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, naye hata hakupanga kuonekana kabla ya Ijumaa jioni.

Nikachukua Jumamosi na Jumapili kwa jina langu. Namba ya kadi niliikosea mara mbili.

Jioni nilimwambia Curt. Akasema inabidi tumwambie dada yake, kwa sababu masharti ya hifadhi yanasema asiyefika hadi saa tisa alasiri ya siku ya pili, nafasi yake yote inafutwa. Angefika Ijumaa na gari limejaa akute hana hata usiku mmoja.

"Ni dada yangu, Renae."

"Na Britta ni nani wako?"

Mwishowe nilimwahidi kitu kimoja: nitamwambia Darla mara moja, uso kwa uso, mbele ya watu. Mara moja tu. Mimi si mwalimu wake.

Siku ile ilikuja yenyewe. Mwezi Mei, Siku ya Akina Mama, tulikuwa tena mezani kwa mama mkwe. Darla alikuja na karatasi alizochapisha, akamgawia kila mtu. Juu aliweka uthibitisho wa nafasi yake kama ulivyotoka hifadhini, chini akaandika nani analeta nini. Mimi nilipangiwa sambusa za nyama na viazi za watu saba, zile kubwa za wachimba madini ambazo huku juu kila familia inaapa yake ndiyo ya kweli. Nyama ya kukatwa kwa kisu, aliandika, si ya kusaga. Chini kabisa kulikuwa na mstari: vitu vyenye magurudumu vibaki nje, yaani baiskeli na kadhalika. Britta aliusoma, akaikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya sahani.

Nilitazama juu ya karatasi. Iliandikwa wazi kama jua. Kufika: Jumatano, 15 Julai. Kuondoka: Jumamosi, 18 Julai.

"Darla," nikasema, "soma tarehe zako."

Aliweka uma chini. Mezani wote walikuwa wanasikiliza, mama mkwe na kijiko chake cha uji wa matunda hewani.

"Unaona anavyoanza?" akasema. "Wifi, hizi karatasi za hifadhi mimi nimezisoma kabla hujaolewa huku. Usinisomeshe wewe na diploma yako. Huko chini ya daraja ndiko mnakosomeana masharti."

Wakacheka, hata Curt kidogo, kwa mazoea. Huku juu, aliyezaliwa kusini mwa daraja kubwa huitwa zimwi, kwa kuwa mazimwi hukaa chini ya madaraja. Miaka kumi na sita nimeolewa, nimezaa huku, nimezoa theluji ya huku, na bado mimi ni zimwi wa meza hii.

"Sawa," nikasema. "Nimesema."

"Umesema, zimwi wetu. Sasa nipitishie chumvi."

Nikampitishia chumvi. Ndani ya gari Curt aliendesha maili kumi, ndipo akasema, "Umemwambia." Hakulizungumzia tena, na mimi sikumkumbusha. Nyumbani nilibandika karatasi ya Darla kwenye mlango wa friji kwa sumaku, tarehe zikitazama nje. Alikuja kwetu mara tatu kabla ya Julai. Alifungua ile friji kila alipokuja.

Britta sikumwambia mpaka Alhamisi tarehe kumi na sita. Saa tisa na dakika tano alasiri nilipiga simu kwenye ofisi ya getini. Askari wa hifadhi, mwanamke mwenye sauti ya kikohozi, aliniambia namba nne hajafika mtu tangu jana, kwamba wamempigia mwenye nafasi mara mbili na hapokei. Nilijua hapokei. Darla hapokei namba asiyoijua, anajisifu hivyo, anasema wote ni matapeli. Nikauliza kama Ijumaa iko wazi sasa. Akasema iko wazi. Nikaichukua, ikaungana na siku zangu mbili. Siku tatu, jina moja.

Nilikwenda chumbani kwa Britta nikamwambia afunge mfuko. Akauliza kama shangazi amebadili nia. Nikasema hapana, shangazi hakusoma karatasi. Alinipima kwa macho.

"Lakini ulimwambia," akasema. "Mimi nilikuwepo."

"Nilimwambia."

"Mara moja."

"Ndiyo. Mara moja."

Akavuta mfuko kutoka chini ya kitanda.

Tulifika Ijumaa saa tisa. Nilikuwa nimepika zile sambusa, kumi na mbili, nyama ya kukatwa kwa kisu. Kuni nilinunua getini kama inavyotakiwa, maana kuni za nyumbani huleta wadudu wa kuua miti, na askari wa hifadhi huzinyang'anya. Curt alifungua mlango, Britta akapanda mteremko mwenyewe, akaingia, akazunguka chumba kizima, akatoka, akaenda chooni, akafunga mlango. Nilisikia komeo. Ile sauti ya komeo nilikuwa nimeitafuta hifadhi sita.

Saa kumi na mbili jioni, jua la Julai likiwa bado juu, gari la Darla liliingia likikokota boti. Hakupitia ofisini. Wenyeji wa tangu utoto hawapitii ofisini. Aliona gari letu, akadhani tumekuja kumpokea. Aliona taulo zetu kwenye kamba. Akashuka.

"Nani amewafungulia kibanda changu?"

Nilikuwa barazani. Nilimpa karatasi yake ya Mei, niliyoitoa kwenye friji asubuhi, na yangu chini yake. Alisoma ya kwake. Nilimwona anarudi juu, anasoma tena, midomo ikihesabu. Randall alikuwa ameegemea mlango wa gari, goti limekaza kwa safari, na vijana wao wawili walikuwa tayari wamevua viatu.

"Ulijua," akasema.

"Nilikwambia usome."

"Ulijua tangu Mei ukakaa kimya."

"Tangu Aprili. Na sikukaa kimya. Uliniomba chumvi."

Aliniita majina ambayo sitayaandika. Akamwita Curt, akamuuliza kama ataacha mwanamke wa kuja amfukuze dada yake kwenye ziwa la baba yao. Curt alikuwa na kuni mikononi. Aliziweka chini moja moja kabla ya kujibu.

"Baba angempa Britta," akasema. "Na wewe unajua."

Nadhani hilo ndilo lililomuuma, si mimi. Alianza kupanda mteremko kuelekea mlangoni, sijui kutafuta nini, pengine kuona kwa macho yake mifuko yetu juu ya vitanda vyake. Britta alikuwa ametoka. Alisimamisha kiti katikati ya mteremko akakaza breki zote mbili. Mteremko ule una upana wa kiti kimoja na ngumi mbili. Nilishaupima.

"Sogea, mtoto," Darla akasema.

"Vitu vyenye magurudumu vibaki nje, shangazi," Britta akasema. "Basi mimi niko nje."

Darla akasimama. Uso ulimshuka, na kwa mara ya kwanza niliona amechoka, mwanamke wa miaka hamsini aliyeendesha saa tatu na boti nyuma. Sikumwonea huruma. Niliona tu, na nikakumbuka.

Askari wa kikohozi alikuwa amefuata ile boti na gari lake dogo. Alimweleza Darla yote aliyokwisha kuelezwa na karatasi. Akasema hifadhi imejaa mpaka Agosti, na kwamba zile kuni zilizo nyuma ya gari zinabaki kwake.

Kutoka pale kurudi nyumbani ni saa tatu, na wakati wa machweo kulungu hujaa barabarani. Goti la Randall lilikuwa limevimba hadi linaonekana kwenye suruali. Nilikwenda kwenye gari letu nikafungua nyuma. Kiwanja namba thelathini na moja nilikuwa sijakiachia. Siachi kitu kabla sijashika kingine, na nilipokishika kile kingine nilikuwa bado sijamwamini Darla kutojipatia akili siku ya mwisho.

Nikamwekea mfuko wa hema miguuni.

"Hema tunalo," nikasema. "Zuri kabisa, uliliona mwaka jana. Kiwanja kiko juu ya kilima, kimelipiwa kwa jina langu, nitapita ofisini nikuandikishe. Godoro la upepo liko ndani, la Randall."

"Sitaki kitu chako."

"Basi endesha."

Alilitazama lile hema. Randall akasema kutoka kwenye gari, kwa upole, "Darla."

"Zimwi wewe," akaniambia.

"Likujualo halikuli likakwisha," nikasema. "Chukua na sambusa sita. Nyama ya kisu."

Alichukua hema. Sambusa alichukua Randall. Walipanda kilimani na vijana wao wakibeba kasha la barafu katikati yao, na baada ya muda nikaanza kusikia vigingi vinagongwa, kimoja, kimya kirefu, matusi, kingine. Mchanga wa kule haushiki vigingi. Nilijua. Curt alisikiliza, akachukua nyundo, akaenda kumsaidia dada yake. Sikumzuia.

Tangu siku ile Darla na mimi tunazungumza kupitia kwa mama mkwe.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile niliposhusha mikono kwenye beseni la vyombo, nilitazama dirishani. Kiti hakikuwepo barazani. Nilitoka nikiwa na povu viganjani, na kabla sijaita nikamwona mwishoni mwa gati, breki zimekazwa, viatu vimevuliwa na kupangwa sawasawa pembeni yake. Alikuwa ameshuka mita arobaini bila mtu. Alikuwa na jagi la maji tulilolileta kutoka nyumbani, anakunywa moja kwa moja mdomoni.

Nilirudi ndani kuosha vyombo.